Mama mkwe ametibu kangaga langu

Leo mama mkwe amenimaliza, na nimemwambia asante.

Mnalijua lile kangaga, mmea wa majini, linaloishi ndani ya tangi langu la samaki? Marehemu kaka yangu alilibeba kwenye chupa tulipotoka ukimbizini Kongo. Arua nzima hakuna lingine. Bisheni!

Majani yake yalikuwa yametoa madoa meusi. Mimi furaha tupu, maana hapo penye madoa ndipo watoto wa mmea huota. Nilishawaahidi wana wa kaka: kila mmoja atapata mche wa baba yake.

Nimerudi kutoka sokoni, namkuta mama mkwe, mkulima wa tumbaku kutoka Dranya, ananawa mikono.

"Mukwe, tumbaku yako ya maji iko na ugonjwa. Nimekata majani yote, nimechoma."

Yote, jamani!

Shina nalo amelifukia mchangani "ipate nguvu". Shina hilo likifukiwa linaoza.

Mimi niliyebishana na askari kwenye vizuizi vyote toka Kongo hadi Koboko! Lakini kwetu nani anamfokea mama wa mke wake?

"Asante, mama."

Sasa amekaa mbele ya kioo cha tangi, analinda mgonjwa wake. Nitalifukua saa ngapi?

Na wana wa kaka wanakuja kesho. Nyinyi mngewaambia nini?