Mdogo wangu alimtambulisha mtu mwingine kuwa ni mimi

Admin, naomba unifichie jina. Hapa Dubai Waswahili tunajuana, na Mama yangu ana mashoga wanaosoma ukurasa huu kila siku.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa. Sina mke. Naishi Discovery Gardens na Mama, na kazi yangu ni kupiga kibodi kwenye mkahawa wa hoteli. Wazazi wangu ni watu wa Unguja, lakini sisi watoto tulizaliwa Uingereza. Tuko watatu, wote wanaume. Mimi mkubwa, Nasri wa kati, na Hilal kitinda mimba. Majina haya nimeyabadilisha.

Marehemu Baba alikuwa akipiga kodiani kwenye harusi za Wazanzibari wa kule, na sisi tukakulia katikati ya vyombo vyake. Tukaanzisha bendi yetu ya pop. Nasri ngoma, mimi kibodi na kutunga, Hilal kuimba. Bendi tukaipa jina la babu yetu. Tulianzia kwenye kumbi za skuli, tukaja kupata kampuni ya kurekodi, na wimbo mmoja nilioutunga jikoni kwa Mama ukapigwa redioni nchi nzima. Tulizunguka miji tukilala kwenye basi, wasichana wakitungoja nje mvuani. Mama akikata picha zetu magazetini na kuzibandika kwenye friji.

Albamu ya pili ilikwenda wastani. Ya tatu ikaanguka. Kampuni ikamwita Hilal peke yake, ikamwambia wanachotaka ni yeye na jina la bendi, sisi wawili basi. Kumbe kwenye mkataba jina lilikuwa lao. Hilal akasaini. Mimi na Nasri tukaisikia habari hiyo redioni, tumo garini tunakwenda mazoezini. Nasri alisimamisha gari, akateremka, akaenda zake kwa miguu. Nilipompigia Hilal alinijibu, "Kaka, walinikataza nisiwaambie mpaka mambo yakamilike."

Sikumtukana. Nilimwambia sawa, nikakata simu.

Khalati yangu, ndugu yake Mama anayekaa Mirdif hapa hapa Dubai, akanitafutia kazi huku. Baba alipofariki nilikwenda kumzika, na Mama akanifuata huku. Nasri alibaki Uingereza, anafundisha watoto ngoma. Hotelini hakuna aliyejua kuwa niliwahi kuwa mtu wa kusikika redioni. Napiga kibodi watu wakila, wakimaliza naifunika narudi nyumbani. Miaka ikaenda hivyo.

Mwaka huu nikaona bango kwenye lobi ya hoteli yetu. Jina la babu yangu, kwa herufi kubwa, bendi ya ndugu kutoka Uingereza. Kwenye picha Hilal kasimama katikati, kushoto na kulia wanaume wawili nisiowajua. Nilipofika nyumbani Mama keshaziweka tiketi mezani, Hilal kamletea. "Tutakwenda sote," akasema. "Mtoto hatengwi."

Tukaenda. Tuliwekwa safu ya mbele. Hilal akaimba vizuri sana, sauti yake haijachakaa. Ulipofika ule wimbo wa jikoni akanyoosha mkono upande wa kibodi, akasema kwa Kiingereza, "Na huyu ndiye kaka yangu mkubwa, aliyetunga wimbo huu!" Yule mtu akainuka akapunga mkono. Ukumbi mzima ukashangilia. Na mimi nikapiga makofi.

Mama akaniinamia sikioni. "Yule nani?"

"Yule ndiye mimi, Mama."

Alinitazama, kisha akajifunika uso kwa mtandio, akabaki hivyo mpaka wimbo ukaisha. Mimi nilikuwa nasikiliza vidole vya yule bwana tu. Alikuwa anapiga bila kosa.

Kesho yake Hilal akaja kwetu na yule mpiga kibodi. Yule bwana alinishika mkono kwa heshima, akaniambia alijifunza kupiga kwa kuangalia video zangu za zamani. Nikamkaribisha chai. Alipoaga na kuondoka, Hilal akaanza kulia. "Kaka, nilikuona pale mbele. Maneno yale nimeyazoea, yakanitoka tu. Rudi. Kuna ziara mpya, kampuni imekubali. Huyu anaondoka, wewe unachukua nafasi yako. Na Nasri akitaka, aje."

Nikampigia Nasri. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba aliumwa mpaka akafa akimuulizia Hilal, na Hilal yuko kwenye ziara na kaka zake wa kukodi. Wewe na mimi ndio tuliomwosha mzee. Ukienda kule, khalas, usinipigie tena." Nasri si mtu wa kutishia. Akisema amesema.

Mama naye hataki kusikia mambo ya mikataba. Asubuhi moja aliniwekea mkate wa kumimina, akakaa mbele yangu. "Hawa wote nimewazaa mimi. Anza wewe kurudi, Nasri atakufuata inshallah. Nataka niwaone wanangu pamoja kabla sijafukiwa." Nilimwambia Nasri hatafuata. Akasema, "Humjui mdogo wako." Tangu siku ile kila nikirudi kazini ananitazama usoni kutafuta jibu.

Hilal anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nikikubali, nampoteza Nasri. Nikikataa, namvunja moyo Mama, na yeye ni mtu mzima, ana presha.

Wengi mtaniambia nifuate moyo. Nimejaribu. Nakaa kitako namuwaza Hilal, sioni hasira. Namuwaza Nasri akiniacha, sioni uchungu. Hata kule ukumbini, yule mtu alipoitwa mimi, nilichowaza ni kwamba kiti chake kimewekwa chini mno. Ndugu zangu, nyinyi ambao bado mnasikia maumivu ya watu wenu, nisaidieni kuchagua. Niende na yupi?