Kikohozi cha Ukurasa wa Tatu

Mwalimu wa darasa la pili hufuta chaki vidoleni kwa sketi, upande wa kulia tu, hata sketi zake zote zina doa jeupe mahali pamoja. Kompyuta kibao ya shule huibeba kwa viganja viwili kama trei ya mayai, na kikohozi cha vumbi la chaki hakimwachi. Ndiyo maana ile hadithi ya mbuzi na daraja, aliyoirekodi humo kwa sauti yake juu ya picha walizochora watoto wenyewe, ina kikohozi ukurasa wa tatu. Hakukiondoa, hakujua kinaondolewaje.

Baada ya watoto kuisikiliza wiki mbili, leo amezima sauti, yakabaki maandishi tu yaliyomulikwa ukutani kwa projekta, akawaambia wasome. Wakatiririka kama maji, moyo wake ukasuuzika. Walipofika darajani, ukurasa wa tatu, darasa zima likakohoa. Mwalimu akajiuliza: Hawa wanasoma, au wanamwigiza? Akawainua mmoja mmoja. Kiranja akakohoa. Yule bingwa wa imla akakohoa, tena kwa mkono kifuani. Mwalimu akawa hajui acheke au alie, ashike lipi aache lipi. Mwisho akamwinua binti wa dawati la nyuma, ambaye yeye mwalimu alikwisha kumkatia tamaa. Huyo akajikokota silabi kwa silabi, kidole hewani, akavuka daraja bila kukohoa.

"We mama, mbona hukukohoa?"

Binti akainamisha kichwa. "Nisamehe, mwalimu. Nimekitafuta hicho kikohozi, sijaona kimeandikwa wapi."