Papai Moja, Matofali Kumi

Ipo siku moja ambayo mpaka leo ikinijia kichwani najikuta nimesonya peke yangu, hata nikiwa ndani ya treni na watu wananitazama. Mwanangu, ngoja nikusimulie, maana Jumamosi nimekuona dukani. Ulidhani sikukuona? Nimekuona. Umesimama mbele ya nyanya, simu mkononi, unapiga hesabu, na mkeo yuko nyuma yako ameshika kikapu kitupu anasubiri hukumu. Nilitaka nije nikunyang'anye hiyo simu. Nikajizuia kwa kuwa mimi ni mtu mzima, na pia kwa kuwa nilikuwa nimebeba mayai.

Basi kaa, kunywa chai. Na usianze kuniambia kwamba Stockholm kila kitu ni ghali. Najua. Nimekuja huku wewe bado unatambaa.

Miaka ile, elfu mbili na kidogo, mimi na mke wangu Rehema tulikuwa tunakaa Spånga, chumba kimoja na jiko, ghorofa ya pili. Mimi nilikuwa nafanya kazi ghalani, Upplands Väsby, kupanga maboksi. Mshahara haukuwa mbaya. Nakuambia hili mapema usije ukanionea huruma: hatukuwa maskini. Hela ilikuwepo. Ila kila mwezi sehemu kubwa ilikwenda Tanga, kwenye kiwanja changu, nilikokuwa najenga nyumba. Na nilikuwa na ugonjwa. Sikujua kuwa ni ugonjwa, niliona ndiyo akili.

Ugonjwa wenyewe ni kama huo wako. Nikiona bei yoyote dukani, naigeuza shilingi. Ningeishia hapo ingekuwa nafuu, lakini mimi nilikuwa nimezidi. Nikishapata shilingi, nazigeuza matofali. Mkate, matofali manne. Kuku, karibu mfuko mzima wa saruji. Natembea katikati ya rafu naona ukuta wangu wa Tanga unabomolewa, na anayeubomoa ni mke wangu na kikapu chake. Jamani! Mtu mzima na ndevu zake, anagombana na karoti.

Nikamwambia Rehema kuanzia leo dukani naenda mimi, au tunaenda wote, peke yako usiende. Yeye alikuwa mtu wa kucheka sana, akacheka, akasema, "Haya bwana, mhasibu wangu." Alidhani ni mambo ya wiki mbili.

Nikaanza vituko. Mwenzangu mmoja kazini aliniambia kuna duka Södertälje wanauza vitunguu kwa gunia, bei ya kutupa. Nikapanda treni, mwendo wa saa nzima na zaidi, nikarudi na gunia begani kama nimetoka Lushoto. Watu ndani ya behewa wanasogea. Nyumbani hakuna pa kuliweka, nikaliweka roshani, nikajisifu kwamba baridi ya huku ni friji ya bure. Ilikuwa Januari! Vitunguu vikaganda vikawa mawe, na kila kimoja kikiingia ndani kinayeyuka, kinakuwa ute unaonuka. Unafikiri nilitupa? Thubutu. Tulikula makaroni na mchuzi wa ule ute wiki tano, na Rehema ana mimba ya miezi sita, harufu ya kitunguu tu inamkimbiza chooni. Nikawa namwambia avumilie, nyumba inapanda.

Sasa sikia siku yenyewe. Ni Ijumaa, nimetoka kazini, tuko kwenye duka kubwa pale karibu na stesheni. Rehema akasimama kwenye matunda. Akachukua papai moja, dogo tu, la manjano, akalinusa. Mwanangu, huyu mtu hakuwa ameomba kitu tangu mimba iingie. Hata udongo wa kula hakuagiza. Akaniambia, "Nimelitamani hili. Sijui kwa nini, nimelitamani mpaka nasikia mate." Wewe unajua kwetu mwenye mimba akisema nimetamani, watu huacha shughuli zao, mume anatoka na mvua. Baba yangu alimfuatia mama yangu ukwaju mpaka kijiji cha tatu. Nimekulia ndani ya hadithi hiyo. Nikasema sawa, weka.

Sikuwa nimeangalia bei. Tukafika kwa keshia, binti wa watu, akalipima, mashine ikaandika kroni thelathini na tano. Papai moja! Kwa hela ile Tanga unarudi nyumbani na mkokoteni. Ugonjwa ukapanda palepale: shilingi elfu nne na mia tano, matofali kumi na ushee. Foleni iko nyuma yetu, watu kama saba, kimya kama walivyo Waswidi kwenye foleni. Nikamwambia yule keshia kwa Kiswidi changu cha kuokoteza, hapana, hilo toa. Hakuelewa. Nikalichukua mwenyewe, nikaliweka pembeni, juu ya magazeti. Keshia akamtazama Rehema, akamtazama tumbo lake, akanitazama mimi. Rehema alikuwa anaangalia chini. Akafunga zipu ya koti lake mpaka shingoni, akatoka nje kunisubiri.

Njiani nikamweleza habari za matofali.

Tangu siku ile Rehema hakuomba tena. Na mimi, mpumbavu, nikafurahi. Haki ya Mungu nilifurahi. Nikasema sasa amepata akili, amenielewa. Nikipika makaroni anakula vijiko vitatu anasema ameshiba. Kicheko nacho sikukisikia, ila nilidhani ni uzito wa mimba.

Kliniki, mkunga akampima, akakunja uso. Uzito hauongezeki, damu imeshuka, na mtoto ni mdogo kuliko inavyotakiwa. Akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa natafsiri, nyumbani anakula nini? Nikajibu, anakula vizuri. Umesikia? Mke wangu kakaa pale, na mimi ndiye mdomo wake, nikasema anakula vizuri. Mkunga akaandika. Akatoa vidonge vya kuongeza damu, akasema baada ya wiki mbili hali ikiwa hivihivi atalazwa. Nikatoka nimeudhika, eti wanatutisha.

Baada ya siku chache ghalani kazi ikapungua, tukaruhusiwa mapema. Nafika nyumbani mchana, Rehema hayupo. Viatu vyake havipo, koti lipo. Nikatoka kwenye ngazi, nikasikia kicheko chake kinatoka ghorofa ya juu. Nilikuwa sijakisikia zaidi ya mwezi, lakini kicheko cha mkeo hukipotezi.

Juu alikaa Bibi Yosefina, mama mmoja wa Kirundi, mtu mzima sana. Alikuwa ameishi kambini Kigoma kabla ya kuletwa huku, Kiswahili chake kizuri, na kwa heshima kila mtu wa ngazi ile alimwita bibi. Nikapanda, nikagonga kama polisi. Mlango ukafunguliwa, nikaingia bila hodi wala salamu. Mke wangu yuko mezani. Mbele yake sahani ya maharage na ndizi za kupika, na pembeni bakuli la papai limekatwakatwa. Anakula haraka haraka, kama mtu anayejua muda wake ni mfupi.

Nikapandwa na hasira. Si kwa sababu ya njaa yake, la, kwa sababu ya jina langu. Nikasema, "Mke wangu analishwa na majirani kama hana mume?"

Bibi Yosefina alirudi akakaa kwenye kiti chake, taratibu. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Shikamoo nayo imepanda bei?"

Nikavua kofia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa." Nikakaa. "Weye mshahara wako wanakulipa shilingi?"

"Hapana, bibi. Kroni."

"Kodi ya nyumba?"

"Kroni."

"Na treni ya kwenda kazini?"

"Kroni."

"Basi kwa nini katika nchi hii nzima mke wako ndiye peke yake anakula kwa shilingi?"



Akaendelea, sauti ileile ya chini. "Mimi nimekaa kambini miaka mingi. Unapanga foleni, mtu anakupimia unga kwa kopo. Hili lako, hili la mwanao, haya pita. Mwanangu wa nne nilimbebea mimba ndani ya foleni ile. Na yule aliyekuwa ananipimia hakuwa mtu mbaya, baba. Kilichokuwepo ndicho hicho, na yeye alikuwa anaona aibu. Weye unacho, na bado unampimia. Unapata wapi moyo huo?"

Hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga kelele, ningepata pa kujibia. Nikamgeukia Rehema. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanaingia kwenye maharage, na huku anaendelea kula. Hilo la kuendelea kula ndilo lililonimaliza.

Nikatoka, nikashuka ngazi mbio mpaka dukani. Nikachukua mapapai mawili, sikuangalia bei, na nikajiona mwanaume. Nimeyaweka mezani mbele ya Rehema jioni ile, nimeyamenya mwenyewe. Akayatazama. Akasema, "Ahsante. Ila hamu imekwisha, bwana. Kula wewe."

Hakusema kwa kunikomoa. Ilikuwa imekwisha kweli. Nilikula papai zima nimesimama jikoni, na sijui lilikuwa na ladha gani.

Alilazwa baada ya wiki ile. Binti yetu akazaliwa kabla ya siku zake, kadogo, ukimweka kiganjani unaogopa kupumua, wakamweka kwenye kitanda cha joto siku kumi na tisa. Daktari alinieleza kwa upole kwamba watoto wengine huja mapema tu, sababu haijulikani. Mtu mwema yule. Mimi sijamwamini hata siku moja.

Mtoto alipona, sasa ni mwanamke mrefu kunizidi, ana kazi yake, ananijibu Kiswidi nikimsemesha Kiswahili. Nyumba ya Tanga iliisha. Ina vyumba vitano, wanakaa wapangaji, nimelala ndani yake usiku sita maishani mwangu. Na Rehema amenisamehe, aliniambia mwenyewe, na namjua, hasemi asichokimaanisha.

Lakini sasa sikiliza hili, kwa kuwa ndilo lililonifanya nikuite. Rehema ana mshahara wake miaka mingi, mzuri kuliko wangu. Jumamosi tunakwenda dukani wote. Akichukua kitu kwenye rafu, iwe siagi, iwe zabibu, kabla hajakiweka kwenye kikapu ananitazama usoni. Sekunde moja tu. Nimemwambia acha, chukua unachotaka, nimemwomba, nimemgombeza, siku moja nililia kabisa kwenye rafu za maziwa. Anasema, "Nimekutazamaje? Sijakutazama." Na nadhani kweli hajui. Mwanangu, Jumamosi iliyopita nilimwona mkeo akikutazama namna hiyohiyo, na hamjamaliza hata mwaka.

Kwa hiyo nakuambia wazi, usije ukasema mzee alizungukazunguka. Ukilipwa kroni, kula kwa kroni. Bei angalia, mimi sikukatazi, linganisha duka na duka la hapahapa, nunua viazi na kabichi wakati wake, ubahili kidogo huku unasaidia. Lakini ile hesabu ya bei za nyumbani iache uwanja wa ndege, haina kazi dukani. Kwenu tuma, kiwanja jenga, ila toa kwenye sigara zako na simu zako, usitoe kwenye sahani ya mtu ambaye hakukuruhusu. Na mtu wako akisema nimetamani, mpe siku hiyohiyo, kesho atakuwa hataki tena na hutajua umepoteza nini. Futa hicho kikokotoo kwenye simu, tena sasa hivi, nione.

Haya, nenda. Mungu akupe riziki isiyokufanya mkali. Akupe watoto wa kilo zao kamili. Na huyo binti wa watu uliyemleta kwenye baridi hii, Mungu amjalie miaka mingi ya kuweka kitu kikapuni bila kwanza kukutazama usoni.