Mfu Asiye na Mwenyewe

Fuvu lile nililitoa mwenyewe kwa mikono mitupu. Tulikuwa tunachimba shimo la choo nyuma ya nyumba yetu Nangara, nikadhani ni kibuyu kilichooza. Kukigeuza, kikanitolea meno. Mungu wangu! Nilipiga yowe hadi majirani wakaja mbio.

Mama mkwe wangu hakusogea. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akasema, "Umegusa mfu. Usiingie kwa watu."

Kwetu Wairaqw, aliyegusa mfu hutengwa. Haingii nyumba ya mtu, hapeani mkono, kikombe chake hakiguswi na mwingine, mpaka wenye msiba wamalize matanga. Sawa. Ila huu ulikuwa msiba wa nani? Kama mfiwa hajulikani, nani angenifungulia mimi mwiko huo?

Na binti yangu alikuwa amejifungua wiki ileile kule Maisaka. Mjukuu wangu wa kwanza, hapo tu kwa bodaboda, na sikuruhusiwa kumshika hata kidole. Nilibusu picha zake kwenye simu hadi kioo kikaingia ukungu. Mchungaji alisema hayo ni mambo ya kizamani. Rahisi kwake, yeye haishi na mama mkwe wangu.

Wakaja watafiti wa mifupa ya kale. Dada mmoja mpole alichukua jino la marehemu, akaniambia ndani yake mna vinasaba, na maabara itavisoma ijue alikuwa mtu wa watu gani, na walitokea wapi. "Vuta subira, mama," akasema. Subira! Mahindi yalipaliliwa, yakavunwa, mimi bado nakula peke yangu jikoni kama mwizi. Nilimchukia yule mfu. Nilimtukana kabisa: we nani wewe, si useme!

Siku dada aliporudi, binti yangu alikuwa amekuja na mtoto, amesimama nje ya ua ili nimwone kwa mbali.

"Shikamoo, bibi," dada akamsalimia mama mkwe, kisha akatueleza. Marehemu alikuwa mfugaji wa maelfu ya miaka iliyopita. Watu wake walishuka na mifugo kutoka kaskazini, wakachanganyika na waliowakuta. Hakuna ukoo wa kusema huyu ni babu yetu sisi tu. Damu yao imo kidogo kidogo kwa watu wengi wa huku.

Jibu gani hilo? Si wa mtu, tena ni wa kila mtu! Nikajua nitazeekea jikoni.

"Na kwangu imo?" mama mkwe akauliza.

"Huenda imo, bibi."

"Na kwa yule mtoto?"

"Huenda."

Mama mkwe akajikongoja hadi jikoni kwangu, akachukua kikombe changu, akanywa chai yangu iliyopoa.

"Kumbe tumefiwa wote," akasema. "Sasa tunamtenga nani?" Akamgeukia binti yangu. "Mlete mtoto kwa bibi yake."

Nilimpokea huku nalia, wala sikuona aibu. Alikuwa mzito. Akanichekea, nikaona ameshaota jino.