Asali Iliyongoja Mwaka

Muuza asali wetu alishuka nayo kutoka milima ya Kibira, ndani ya chupa za bia zilizozibwa kwa majani ya mgomba. Akipita kwenye gereji za mtaa wetu wa Buyenzi akiita, "Ubuki! Ubuki!", yaani asali, mama yangu alitoka na chupa yake mwenyewe, ya kioo, yenye mdomo mpana. Chupa ya pombe haikuvuka kizingiti chetu, hata ingejaa asali ya peponi. Asali ilimiminwa palepale barazani, ikachujwa kwa kitambaa cheupe, na sisi watoto tukagombania kulamba kitambaa.

Majirani waliipima asali kwa kiberiti na kwa glasi ya maji, waone kama ni halisi. Mama aliwacheka. "Sukari yenye kupikwa vizuri inapita mitihani yote hiyo. Mi nanunua kwa mutu mwenye najua." Jikoni alikuwa mkali: kijiko kikavu, kifuniko kikazwe, na asali isiwekwe motoni kamwe. Ikiganda, iwekwe kwenye maji ya vuguvugu, nawe ungoje. Nilichapwa mara moja kwa sababu ya kijiko chenye maji, na mpaka leo naona nilionewa.

Nilipojifungua binti yangu, miaka michache iliyopita, mama alikuja siku ya saba na chupa ile chini ya mtandio. Sisi sote sita alitulambisha asali kwa kidole chake, na sasa ilikuwa zamu ya mjukuu wake wa kwanza. Lakini muuguzi alikuwa ameniambia waziwazi: asali, hata iwe safi namna gani, mtoto asionje kabla ya kutimiza mwaka. Huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo changa haliviwezi. Nikamshika mama mkono.

"Mama, apana."

"Apana? Nyiye wote niliwalambisha. Mulikufa?"

Lo, alikasirika! Siku nne hakunisemesha. Siku ya tano alirudi, chupa ameifunga kitambaa mdomoni, akaiweka juu ya kabati langu. "Mwaka, ee? Subira inavuta heri, nitangoja. Na mutu asifungue."

Mtoto alipofika mwezi wa tisa, mama akaanza kuugua moyo. Kufika wa kumi na moja alikuwa hainuki kitandani, nami nikawa najilaumu usiku na mchana. Nilimnyima kitu kimoja tu alichokitaka, na sasa huenda muda usimtoshe. Alasiri moja nikachukua chupa, nikamlaza mtoto kando yake.

"Mama, zimebaki wiki tatu tu. Mpe."

Aliitazama chupa kwa muda mrefu. Nilijua jinsi alivyotaka, ya Rabi, nilijua. Kisha akauficha mkono wake chini ya shuka.

"Apana. Muuguzi alisema mwaka. Mwaka ni mwaka, haukatwi. Usicheze na mutoto wangu."

Tulimzika Ijumaa ya wiki hiyohiyo.

Mwaka ulipotimia nilifungua kitambaa. Asali ilikuwa imeganda. Nikaiweka kwenye maji ya vuguvugu, nikangoja kama alivyonifunza, nikilia bila haya. Ilipolainika nikachovya kidole changu, maana chake hakikuwepo tena, nikamlambisha mtoto wake.