Mheshimiwa Anaongeza Tu

Kwa miaka ishirini na nane, kila Katiba ya Nauru ilipochapwa upya ilipita mikononi mwa Eiruwana, mpiga chapa wa ofisi ya Bunge pale Yaren. Sheria hakusomea. Aliizoea tu, kama mtu anavyomzoea mume mkorofi.

Wiki hiyo alikuwa anastaafu. Ijumaa apande ndege kwenda Brisbane kwa binti yake Lavina, aliyekaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Kitu kimoja tu kingemzuia: kura ya maoni. Ikiitishwa, hakuna mwingine wa kuandaa karatasi za kura kwa Kinauru, na kustaafu kwake kungesogezwa miezi mitatu.

Waziri Demauna, mtoto wa dada yake mkubwa, akaingia na muswada kwapani. Alitaka Rais achaguliwe na wananchi, siyo na wabunge, na alitaka Bunge liupitishe Jumanne kama sheria ya kawaida, bila kura ya maoni. Wanasheria wawili walikuwa wamelibishania hilo tangu asubuhi mpaka wakanuniana.

"Mama mdogo, nichapie hii. Ibara ya Rais sijaigusa hata nukta. Nimeongeza kifungu kimoja tu chini yake."

Eiruwana akasoma. Kifungu kilisema wabunge watamchagua Rais kama ibara inavyotaka, ila watamchagua yule tu ambaye wananchi wameshamchagua.

"Umeongeza," akasema.

"Tu."

"Kama kaka yako alivyoongeza choo kwenye kiwanja chetu cha Anibare."

Waziri akajikuna shingo. Kiwanja kile, kama viwanja vingi kisiwani, kina wenyewe wengi: arobaini na mmoja, wengine wako Melbourne. Kaka mtu alidai nyumba hajaigusa, ameongeza tu, sasa saini za ndugu za nini.

"Nani alipiga kelele kwamba wenye ardhi hawakuulizwa?" Eiruwana akauliza. "Nani alikuja na nyundo?"

"Kile kilikuwa choo, mama."

"Na hiki? Mbona nakinusa toka hapa?"

Waziri akacheka, kisha akavuta kiti. "Sikiliza. Nikienda kwa wananchi, hupandi ndege. Ukinyamaza, Ijumaa uko kwa Lavina. Wale wanasheria wananisubiri mimi, na mimi nakusikiliza wewe."

Utani ukamwishia Eiruwana hapo. Kisha akafungua kurasa za mwisho za Katiba, penye orodha ya ibara ambazo Bunge haliruhusiwi kuzibadili peke yake, akaweka kidole kwenye namba ya ibara ya Rais.

"Kawaulize wenye kiwanja," akasema.

Waziri akatoka na muswada wake. Eiruwana akampigia Lavina.

"Mwambie mtoto asubiri kidogo, bibi yake ana kazi ya serikali."

"Mama, mtoto hasikilizi serikali."

"Basi huyo ni Mnauru kabisa."

Lavina hakucheka. Akakata simu. Eiruwana akapiga tena, na tena, mara ya nne ndipo akapokelewa.