Samaki Asiyesikia Kidole

Leo picha ya samaki imeniaibisha mbele ya wanawake watatu.

Mama Brenda ni Mganda, anauza chakula karibu na uwanja wa ndege. Ukurasa wake wa mtandaoni niliuandika mimi: majina ya vyakula na namba ya simu, basi.

Wiki hii nikajifunza programu mpya ya kutengeneza kurasa zinazocheza. Nikabadilisha kila kitu. Ukipitisha kipanya cha kompyuta juu ya picha ya samaki, bei inajitokeza polepole. Kwenye kompyuta ya shule ulipendeza sana (niliutazama kuliko vitabu vyangu).

Leo Mama Brenda aliwaita majirani wawili wauone. Wakiupenda, nitawatengenezea na wao.

Akaufungua kwenye simu yake. Akagusa samaki.

Hakuna kitu.

Akafuta kioo kwa leso. Akagusa tena, kwa nguvu.

"Mtoto wangu, hii samaki imelala?"

Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba inahitaji kipanya.

"Watu yangu inakuja na njaa na simu. Kompyuta iko wapi?"

Majirani wakacheka, si kwa ubaya, wakarudi kwenye masufuria yao. Hawakuniuliza tena kuhusu kurasa zao.

Nikaurudisha ukurasa ule wa zamani hapo hapo. Mama Brenda akanipa chai. Nikainywa. Sikuhisi kitu, hata sukari.

Ule mpya bado uko shuleni, unacheza vizuri, hakuna anayeutazama.

Nyinyi wenye simu, yaani nyote: nikitengeneza ukurasa mwingine, mtakubali kuugusa kwanza?